Orrin Haugdahl, Aliyezifundisha Mashine Kungoja

Wapendwa katika Bwana, mimi Verlyn, kaka wa mjane, nimepewa na familia kazi nzito ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu, Orrin Haugdahl.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 huko Two Harbors, Minnesota, akabatizwa na kusoma pale pale, kisha akahitimu chuo mjini Duluth mwaka 1973. Mwaka 1976 aliajiriwa na kituo cha utafiti wa ziwa, ambako baadaye alikabidhiwa seva mbili, yaani kompyuta kuu zilizotunza mafaili ya watafiti wote, akazilea hadi alipostaafu. Tarehe 11 Juni 1977 alifunga ndoa na dada yangu Marlys, Mungu akawajalia mtoto mmoja, Anders, aliyezaliwa mwaka 1980, na alipokua wakafanya kazi chumba kimoja, baba na mwana.

Kazini marehemu alikuwa na msimamo mmoja, kwamba seva isipojibu, kompyuta zote za watafiti ziingoje hata kutwa, kwa sababu kompyuta ikikata tamaa katikati ya kuandika, faili huharibika na mwenyewe asijue. Anders alitaka zingoje kidogo, zitoe taarifa, watu waendelee na mengine. Tarehe 3 Julai 2012 umeme ulikatika, na uliporudi seva zote mbili zikagoma kuamka, kwa kuwa marehemu alikuwa ameiagiza kila moja isimalize kuwaka mpaka ipate mafaili yaliyo kwa nyingine, basi hii ikaingoja ile, ile ikaingoja hii, kituo kizima kikakaa bure. Anders akasema mbele ya wenzao, "Mzee, hizi umezizaa wewe? Maana vichwa ni vyako kabisa," watu wakacheka, marehemu akajibu, "Kama unaona haya kufanya kazi na mzee, mlango ule pale." Seva alizirekebisha alasiri ileile, akairuhusu moja iamke bila kuingoja nyingine. Anders alihamia Oregon mwezi wa Septemba, na tangu hapo baba na mwana hawakupigiana simu.

Dada yangu alimsihi miaka yote, "Baba Anders, piga wewe kwanza, utapungukiwa nini?" naye akimjibu, "Atapiga, Mama Anders, wewe subiri tu."

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na mwezi Januari, sauti ikiwa imeanza kumwishia, aliomba mwenyewe apewe simu, akampigia Anders, akapokea mtu asiyemjua, namba ilikwisha kuwa ya mwingine. Barua tulizotuma zilirudi. Alifariki tarehe 9 Machi 2023, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono. Dada yangu ameomba nafasi moja ya Anders iachwe wazi kando yake hapo mbele, na hadi ninaposoma haya, iko wazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni na kutuletea viazi na nyama vya moto kila jioni, na wafanyakazi wenzake waliomtafuta Anders kwa kila njia wasimpate. Orrin, Bwana akupokee, pumzika sasa, kungoja kumebaki kwetu.