Mita Imepanda, Kidole Kaitwa

Benchi letu liko mbele ya karakana ya Spana, fundi matairi, ng'ambo ya ofisi yenye bustani kubwa ya nyasi. Jana saa nane mchana tulikuwa wanne: Spana, Waya fundi redio, mimi, na Kidole, mtunza ile bustani, aliyepewa jina hilo kwa sababu hamwagilii mpaka achomeke kidole udongoni. Mwezi uliopita bosi wake alifunga mashine inayopima jua, upepo na mvua, kisha inafungua maji yenyewe. Sasa mita ya maji imepanda, na Kidole kaitwa kwa bosi saa tisa. Kahawa yake ilikuwa inapoa. Mimi nilimwogopea.

— Bosi anasema mashine inabana maji, Kidole akasema. Mita ikipanda, basi kuna anayeyaiba. Na ufunguo wa bomba ninao mimi.

— Tulia, Waya akasema. Ile mashine inaletewa habari za hali ya hewa. Imeletewa za jangwani, ndiyo maana inamwaga tu. Dalili ya mvua ni mawingu.

— Mawingu yameingiaje hapo? nikauliza.

— Si ndiyo hayo, hayapo.

Spana akasonya.

— Chini ya nyasi kuna bomba la pili, la wakubwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga walishaliona.

— Wahenga walikuwa na mabomba? nikauliza.

— Tena mashine yenyewe ina jicho, Waya akaongeza. Inahesabu unavyopumzika, Kidole. Ikishajua kazi yako yote, inapandisha mita makusudi ufukuzwe.

Kidole akashika kichwa.

— Jamani, nina watoto watatu na mama mgonjwa. Mnanimaliza.

Dada mmoja, aliyekuwa akisubiri baiskeli yake izibwe pancha, akageuka.

— Samahani, kaka. Kabla ya mashine ulikuwa unamwagilia muda gani kwa siku?

— Dakika ishirini. Udongo ukiwa na ubaridi, siku hiyo naacha kabisa. Nyasi zinakauka kidogo ila hazifi.

— Basi hakuna mwizi. Wewe ulikuwa unazibania nyasi maji, mashine inazipa yote zinayoyataka. Inabana maji kwa yule tu aliyekuwa anayamwaga ovyo. Kamwambie bosi hivyo.

Waya akapiga makofi. Mimi nikashusha pumzi. Kidole peke yake hakufurahi.

— Siwezi, dada. Kwenye daftari la kazi nimeandika masaa mawili, kila siku, miaka tisa. Mtunza bustani akionekana mpira wake wa maji umekunjwa, anaitwa mvivu. Kila jioni bosi anatia sahihi.

Akisema kweli, ni mwongo wa miaka tisa. Akikaa kimya, ni mwizi wa mwezi mmoja.

— Sasa utamwambia nini? dada akauliza.

Waya akatazama chini. Spana akajifanya anatafuta gundi. Ng'ambo, mlinzi akafungua geti, akampungia Kidole mkono aje.