Mei au Desemba: Risala ya Kikundi cha Pumzi kwa Profesa wa Protini

Mgeni rasmi, Mama Profesa wa protini za damu,

Kabla hatujakukaribisha, tukuhadithie anachodai jirani yetu Mama Gaudiose wa ghorofa ya tatu. Anadai kwamba siku barua yenu ilipofika, ya kusema damu ya mwenzetu Baba Zacharie itatafutwa protini, mkewe Mama Aurore alifunga maharage yote ya nyumbani kwenye mfuko, pamoja na mayai na samaki wakavu, akampelekea yeye avifiche. "Hospitali wanatafuta protini," akamwambia, "wasije wakaikuta kwangu." Kwa wiki tatu mgonjwa wa saratani ya mapafu akala foufou, ugali wa kwetu, na mboga tupu, akapungua kilo nne, na muuguzi akaandika kwamba ugonjwa unasonga mbele. Tunasema anadai, mgeni rasmi, kwa sababu Mama Aurore anakana. Ila maharage yalipikwa ghorofa ya tatu. Harufu tuliisikia wote.

KARIBU

Karibu Alby, mtaani kwetu. Kwenye barua uliomba tukuite Margareta tu, kwani Sweden watu wote ni sawa. Tulilijadili ombi hilo, tukalikataa. Mtu anayejua mwisho wa baba wa mtu haitwi jina tupu.

Tunajua umekuja kutushukuru, na kuomba damu nyingine kidogo. Damu ipo. Sisi tuna jambo moja. Aurore, binti wa Baba Zacharie, anaolewa. Upande wa mume wanataka Desemba, ndugu zao wa Kampala wapate likizo ya kuja. Baba yake anataka kumshika mkono mwenyewe mpaka mbele kanisani. Ukumbi wa Hallunda umetushikia siku mbili, moja ya Mei na moja ya Desemba, na leo saa kumi na moja jioni wanataka tuachie moja. Tunachohitaji kujua ni ipi, na anayeweza kujua ni wewe.

HISTORIA YA KIKUNDI

Historia yetu haitakuchosha. Kikundi kilianzishwa Jumanne ya wiki iliyopita. Siku hiyo mwenyekiti wetu Callixte, ambaye ni dereva wa basi na Kiswidi chake kimenyooka, alipiga simu ofisini kwenu kuuliza damu ya Baba Zacharie ilisema nini. Alijibiwa kwa upole mkubwa, na upole huo tunaushukuru.

"Utafiti hausemi juu ya mtu mmoja," sauti ikamwambia. "Unasema juu ya kundi."

"Kundi la watu wangapi?"

"Kadiri linavyokuwa kubwa ndivyo inavyokuwa bora."

"Basi tunakuja."

Ndiyo tukawa kundi. Tuko thelathini na mmoja. Tuna mwenyekiti, tuna katiba ya ukurasa mmoja, tuna muhuri. Wagonjwa wa mapafu kati yetu ni watatu tu. Waliobaki wana mapafu mazima, lakini wamekubali kuongeza idadi. Kama bado tunaonekana wachache, sema, tuna ndugu wengi Husby na treni zinafanya kazi.

MAFANIKIO

Watatu wetu wametoa damu, chupa sita kila mmoja. Kila mmoja alipewa mfuko wa kitambaa wenye picha ya mapafu, mfuko imara kweli, na kijitabu cha Kiswahili. Kijitabu kinasema mnatafuta "alama za protini". Baba Zacharie alifundisha shule ya msingi kwetu Butembo miaka kumi na minne. Alikisoma mara mbili, akavua miwani.

"Nimepata alama ngapi?"

"Hawakuandika," mkewe akamjibu. "Wameandika tu kwamba mwenye alama nyingi hali yake huwa mbaya, mwenye chache ndiye anayekaa."

"Shule gani hiyo, anayefeli ndiye anayepanda darasa?"

"Ndiyo uliyoingizwa, Baba Aurore. Tia sahihi."

"Basi nina tumaini. Hesabu sikupata nyingi hata siku moja."

Fanikio kubwa kuliko yote ni kwamba tumelisoma bango lenu. Mmoja wetu anafanya usafi kwenye jengo mnalofanyia kazi, na bango liko pale kwenye korido, karibu na mashine ya kahawa. Amelipita kila asubuhi kwa miezi mitano. Kiswidi chake hakifiki mbali, lakini michoro haina ngeli. Kuna mistari miwili, imekatwakatwa kama ngazi, yote inateremka. Mmoja unateremka taratibu kama mama mjamzito. Wa pili unateremka kama mtu aliyeona milango ya treni inafungwa. Wa taratibu ni wa wenye protini chache. Wa haraka ni wa wenye protini nyingi.

Siku moja alimwuliza kijana wenu mmoja wa koti jeupe, kila kipandio ni nini. Kijana alifurahi kuulizwa.

"Kila kipandio ni tukio," akasema.

"Tukio gani?"

Hapo akakumbuka kahawa yake.

Tukio ni neno zuri, mgeni rasmi. Kwetu huitwa msiba, na watu hupika.

CHANGAMOTO

Changamoto ni nyingi, ila tumeambiwa una dakika ishirini na treni yako haisubiri.

Mmesema jina la Baba Zacharie liliondolewa kwenye chupa, ikawekwa namba, ili pasiwe na anayemjua. Jambo hilo limefaulu kabisa, kwani hata yeye hajijui. Lakini namba anayo. Iko kwenye karatasi aliyopewa siku ya sindano, na mkewe huihifadhi ndani ya Biblia.

Tumemwuliza pia daktari anayemtibu. Ni mtu mwema, hutazama uso wa mgonjwa wakati mwingine. Yeye husema, "Tutaona." Hilo ni jibu la kweli. Tatizo ni kwamba hasemi nani ataona.

Tunajua utatuambia bango haliwezi kuapa. Hatukuombi kiapo. Nchi hii hali ya hewa hutabiriwa kila saa, na ikikosewa hakuna anayeitwa mahakamani. Mtu anabeba mwavuli, basi. Sisi tunaomba kujua kama tubebe mwavuli.

Na usije ukadhani tunauliza nyuma ya mgongo wake. Mwenyewe yuko hapa, safu ya pili, kando ya dirisha. Tulipomwuliza kama anataka kusikia, alisema yeye si yai. Koti alilovaa ndilo la harusi. Limeshonwa Januari kwa vipimo vya Januari. Mkewe ameweka pini mbili mgongoni, ndiyo maana hajaegemea kiti. Tunaomba wapiga picha wampige kutoka mbele.

OMBI

Ombi letu ni moja, na halihitaji mashine. Karatasi yenye namba iko mezani kwako, chini ya glasi ya maji. Kompyuta yako umekuja nayo, tumeiona. Hatutaki jina la protini wala kiasi chake. Hatutaki hesabu ya miezi wala asilimia, maana asilimia haiwezi kumshika bibi harusi mkono. Tunataka utaje mwezi mmoja kati ya miwili. Ukisema Desemba, tutashukuru na kungoja wageni wa Kampala. Ukisema Mei, tutashukuru vilevile, na wanawake wataanza kupika kesho, na hatutakuuliza kwa nini.

Ratiba inaonyesha kwamba baada ya risala ni majibu ya mgeni rasmi, ndipo chakula. Chakula kipo tayari, na hakuna kilichofichwa.

Mungu akuongezee siku, Mama Profesa, bila kukupima. Aibariki mikono ya waliotoa damu na macho ya wanaoichungulia. Awafunike wote walio kwenye mistari yote miwili.

Aurore amekaa mbele yako, simu mkononi, namba ya ukumbi ameshaiandika. Taja mwezi. Sisi tunanyamaza.

Ni sisi,
Kikundi cha Pumzi, Alby