Trekta Lililokuwa Likizimika Kona

Kijiwe chenyewe hakina makuu: ubao mmoja umelazwa juu ya matairi mawili makuukuu ya trekta, pale kona mtaa unapokutana na barabara kubwa. Ukikaa mwisho wa ubao, upande wa kulia, unaliona vizuri dirisha la jikoni kwa Pistoni, hatua mia mbili chini ya mtaa. Mwisho huo ni wa Pistoni mwenyewe, hakuna anayeugombea. Asubuhi hiyo mbele ya ubao lilisimama trekta lake dogo, jekundu lililopauka, silinda mbili, siti imeshonwa kwa uzi wa viatu, na chini ya siti sanduku la bati. Walikuwa wamelisukuma kutoka uani, wazee watatu na muuza kahawa, na sasa kila mmoja alikuwa anahema huku akijifanya hahemi. Saa sita fundi angekuja kulikata vipande.

Amri ilikuwa ya binti yake. Wiki iliyopita jeki iliteleza, trekta likashuka kwa kishindo, na Pistoni alikuwa ametoka chini yake muda huo huo kutafuta spana. Binti alilia kwenye simu, halafu akaacha kulia, na hapo ndipo Pistoni alipoogopa. “Baba, nimeshamzika mama. Jumamosi saa sita ikifika halijawaka, linakatwa.” Pistoni akaitikia, na yeye akishamwitikia mtoto yule harudi nyuma. Lakini tangu siku hiyo chakula kilikuwa hakishuki. Trekta lile lilikuwa la mkewe kuliko lake. Mkewe ndiye aliyelima nalo, na kwake liliwaka kila asubuhi bila maneno. Kwa Pistoni, aliyeendesha matrekta makubwa ya kampuni miaka thelathini, lilifika kona hii likazimika. Miaka tisa, kona hii hii. Na tangu mkewe afariki, mwaka na miezi miwili sasa, lilimfikisha hapa mara moja tu, kisha likagoma kabisa.

—Saa nne na nusu, alisema Shemeji, ndugu wa marehemu, mwenye trekta la bluu analolisifia kuliko watoto wake. Bado muda upo. Tufungue pampu.

—Tumeifungua mara tatu, alisema Pistoni.

—Ya nne itatusikia.

—Itatusikia inatulaani. Nimesafisha nozeli, nimebadilisha chujio, nimeazima pampu ya Mwalimu, nimemrudishia. Koki ya tangi iko wazi, naiangalia kila siku mpaka naota. Dizeli ipo tele. Lakini haifiki kwenye injini.

Mwalimu alivua miwani. Alifundisha sayansi mpaka alipostaafu, na ana trekta la magurudumu mawili, lile la kutembea nyuma yake ukilishika mikono.

—Mimi nimekaa nikafikiri, alisema. Tatizo si trekta. Tatizo ni kona.

—Haya, yameanza, alisema Birika, muuza kahawa, akimmiminia.

—Sikilizeni. Walipojenga barabara hii, mtambo mmoja ulitumbukia kwenye tope wakashindwa kuutoa. Wakaufukia. Uko hapa chini ya miguu yetu, tani kumi na mbili za chuma. Trekta likipita, chuma kile kinavuta hiki. Pampu inapumbaa.

—Mbona la kwangu linapita kila siku? aliuliza Shemeji.

—La kwako la bluu.

—Sasa rangi imeingiaje?

—Sijamaliza utafiti.

—Na lako?

—Langu nalisukuma hapa kwa tahadhari.

—Unalisukuma kila mahali! Lile si trekta, ni toroli lenye kelele. Mwaka juzi ulitoka shambani wewe umechoka, lenyewe limepumzika.

Hata Pistoni alicheka. Miaka yote hiyo hawajachoka kulinganisha: la nani linavuta zaidi, la nani linakunywa kidogo, la nani lilivuka mfereji siku ile ya mvua. La Pistoni huwa la mwisho kwenye kila hesabu. Lakini likitajwa huwa wanachelewa kuliacha, maana hadithi zote nzuri ni zake.

—Mnakumbuka siku ya kwanza? alisema Birika.

Wanakumbuka. Pistoni alikuwa amestaafu miezi minane, ametoka na trekta bila kumuaga mkewe, kofia ya kampuni kichwani, anataka kwenda mpaka mtoni. Likazimika hapa. Mwalimu alikuwa anapita na mkate wa nyumbani, akasimama kutoa ushauri, na mkate ukaliwa hapo hapo. Shemeji akaja kucheka, akakaa. Birika wakati huo alikuwa anatembeza kahawa mitaani. Akaona watu watatu wamekaa wanagombana, akatua birika lake na hakuondoka tena. Wiki iliyofuata likazimika tena. Ilipofika mara ya tano Pistoni akaleta matairi ya kukalia, Mwalimu akaleta ubao.

—Na jioni dada yangu anatuona tunalirudisha kwa kulisukuma, alisema Shemeji. Amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Hasemi kitu.

—Alikuwa anasema, alisema Pistoni. Anasema, “Baba nanii, nenda kaoge, niachie dakika tano.” Natoka kuoga, trekta linanguruma. Nikimuuliza ulifanyaje, ananiambia nimelibembeleza.

Dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa, kama lilivyokuwa siku zote tangu mwaka jana, na Pistoni alikuwa anaendelea kuliangalia kila alipoinua kikombe. Alimkumbuka mle ndani, kilemba cha njano, mkono unafuta kioo ambacho hakina uchafu. Alimkumbuka mpaka akaweka kikombe chini, akasingizia kahawa ni ya moto.

—Mimi nitawaambia ukweli, alisema Shemeji, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Trekta hili linaomboleza. Mnacheka? Lilimzoea dada. Uzito wake lilikuwa linaujua. Wewe Pistoni ukikaa linasikia huyu siye, linakuvumilia mpaka hapa, linakata roho.

—Ubongo litoe wapi? aliuliza Mwalimu.

—Wewe umezika mtambo wa tani kumi na mbili chini ya kahawa, halafu unaniuliza habari za ubongo?

—Wangu una vipimo!

—Vipimo gani? Umechimba?

—Labda dizeli ndiyo inakumbuka, alisema Birika. Imezoea kuishia hapa. Hata mimi miguu yangu haijui kupita kona hii.

—Sasa huyo ndiye amesema la maana, alisema Mwalimu, na wote watatu wakaanza kupanga namna ya kuidanganya dizeli: walisukume trekta kinyumenyume, au walifunike macho ya taa kwa gunia lisijue limefika wapi. Shemeji alikuwa tayari ameinuka kutafuta gunia pikipiki iliposimama.

Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa makamo, aproni ya ngozi, miwani myeusi ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso, mtungi wa gesi umefungwa nyuma. Aliwaamkia wote vizuri, wakaitikia vibaya.

—Nimeambiwa kuna trekta la kukata.

—Tuliambiwa saa sita, alisema Pistoni. Sasa hivi ni saa tano.

—Nitasubiri, mzee wangu. Sina haraka ya kukata kitu cha mtu.

Akakataa kukaa. Akalizunguka trekta, akagonga boneti, akachungulia chini, akafuata kwa kidole bomba la dizeli kutoka kwenye tangi. Kidole kikafika kwenye sanduku la bati chini ya siti. Bomba lilikuwa linaingia upande mmoja wa sanduku na kutokea upande wa pili. Akainama, akapangusa vumbi kwenye ukingo palipochomelewa, akautazama mchomeleo ule kwa muda mrefu.

—Ndani ya sanduku hili kuna nini?

Mwalimu alimwangalia Shemeji. Shemeji alimwangalia Pistoni. Pistoni aliangalia kikombe.

—Vitu vya mke wangu, alisema.

—Vitu gani?

Enzi za uhai wake lilikuwa sanduku la mama, na nani atapekua vitu vya mwanamke? Alipofariki, Pistoni alilishika kifuniko mara moja, akasikia harufu ya sabuni yake, akaondoa mkono. Mwaka na miezi miwili amefungua kila kilichofunguka kwenye trekta lile. Sanduku hilo alikuwa anafuta vumbi juu yake, basi.

—Bomba linapita humo, mzee wangu, alisema fundi taratibu. Miaka yote hii hamkuona?

—Tuliona, alisema Pistoni. Nilijua linapita tu.

—Fungua wewe. Mimi siwezi kufungua mbele yako.

Pistoni akainua kifuniko. Ndani kulikuwa na glavu mbili, spana moja ndogo, na kilemba cha njano kimekunjwa vizuri. Alikiinua akakishika kifuani bila kumwonea haya mtu. Chini yake kulikuwa na mpira wa dizeli umezungushwa mara kadhaa kama kamba, na mwanzo wa mpira ule, koki ndogo ya shaba. Ilikuwa imefungwa.

—Koki ya pili! alisema Mwalimu, na mdomo haukufungika.

—Niliiweka mimi, alisema fundi. Karakana yangu iko ng'ambo ya soko. Alikuja mama mmoja, analiendesha trekta hili mwenyewe, akaniambia, “Nitengenezee sanduku, na ndani yake nifungie koki ambayo mume wangu haijui.” Nikamuuliza, anakusumbua? Akacheka sana. Akasema, “Hanisumbui. Ndiyo shida yenyewe. Tangu astaafu anakaa sebuleni kama kiti. Haongei. Siku hizi ameanza kulitamani trekta, lakini macho yake hayaoni vizuri tena barabara kubwa, na nikimkataza nitakuwa nimemzika mzima.”

Birika alilitua birika lake chini.

—Alirudi kwangu mara tatu, aliendelea fundi. Mwanzo tuliweka mpira mfupi, akasema linazimika getini, atarudi ndani kununa. Tukaurefusha, likavuka mpaka ng'ambo ya barabara, akasema amekimbia pekupeku kumfuata, roho mkononi. Tukaupunguza. Mara ya tatu alikuja na soda yangu. Akaniambia, “Sasa hivi ukiifunga koki, dizeli iliyobaki kwenye mpira inamfikisha kona tu. Pale wanapita watu. Na mimi namwona nikiwa jikoni.”

Shemeji aligeuka upande wa barabara, akajipangusa uso kwa mkono wa shati. Mwalimu alivaa miwani akaivua. Walikuwa wamekaa miaka tisa juu ya ubao ule wakitafuta kinachozima trekta, na kumbe waliwekwa hapo.

—Dakika tano, alisema Pistoni. Alikuwa anasema niende kuoga, anaomba dakika tano.

—Za kufungua koki na kutoa hewa kwenye bomba, alisema fundi. Spana yake si hiyo hapo?

Pistoni aliichukua spana. Akafungua koki ya shaba kwa vidole vyake mwenyewe, na aliifungua polepole, maana mkono wa mwisho kuifunga ulikuwa wa mkewe. Fundi akamwonyesha skrubu ya kulegeza. Povu likatoka, mapovu makubwa, kisha madogo, kisha dizeli safi. Wakaikaza. Pistoni akapanda. Likakohoa mara moja, mara mbili, likatema moshi mweusi usoni kwa Mwalimu, likawaka.

Walipiga kelele kama watoto. Birika alirusha kikombe akakidaka. Pistoni alimpigia binti yake, hakusema hata neno, akaielekeza simu kwenye injini. Alipoirudisha sikioni alisikia mtoto anahema.

—Baba, alisema, mbona linasikika kama mama anatoka shambani?

—Ndiye, alisema Pistoni. Njoo ule chakula cha mchana nyumbani. Mwambie na mumeo.

—Na kukatwa?

—Usiniharibie siku.

Akasikia anacheka huku analia, na akajua trekta limepona.

—Twende mtoni! alipiga kelele Shemeji. Miaka tisa unautafuta huo mto! Koki iko wazi, Pistoni, barabara hiyo hapo!

Pistoni aliitazama barabara kubwa. Magari yalikuwa yanapita, na kweli, yale ya mbali hakuyaona vizuri mpaka yalipokaribia. Hapo awali angeona haya kukubali. Akaligeuza trekta, akashuka nalo mtaani kuelekea nyumbani.

Wakabaki wanaangalia, fundi naye na kikombe cha kahawa mkononi. Wakamwona anaingia uani, anashuka, anainamia sanduku la bati. Muda ukapita. Kisha dirisha la jikoni likafunguliwa, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, mabawa yote mawili. Wakasikia trekta likinguruma tena, likatoka getini, linakuja taratibu, Pistoni amevaa kofia yake ya kampuni, na kilemba cha njano amekifunga kwenye usukani. Lilifika mbele ya ubao, likakohoa, likanyamaza.

—Eeh! alisema Mwalimu, amesimama wima. Limezima tena! Si nilisema? Kona hii!

Pistoni alishuka, akakaa mahali pake mwisho wa ubao, upande wa kulia, ambapo mtu akiwa jikoni angemwona.

—Halijazima, alisema. Limefika. Birika, nipe kahawa.

Birika aliliinamisha birika juu ya kikombe, akalitikisa. Fundi alikuwa amekunywa ya mwisho.