Mikono Miwili ya Kushoto

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenye karakana ya kushona sare. Mwalimu wetu wa ushonaji, tunayekuaga leo. Wazazi, walezi na wahitimu wenzangu: shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nitasoma kwenye karatasi, kwa sababu nikiwatazama nitasahau hata jina langu.

Mgeni rasmi, umetangaza hapa kwamba Jumatatu naanza kazi kwako, kwa kuwa nilipata tisini na sita kwenye mtihani wa kuandika. Mama yangu amepiga vigelegele mpaka waliokaa mbele wakageuka. Mama, nisamehe kwa haya yanayofuata.

Ni kweli naweza kutaja kila kifaa cha cherehani kwa lugha mbili. Lakini je, cherehani inauliza lugha? Mwezi uliopita Mwalimu alinipa kitambaa cha gauni lake la leo, hilo la maua mnalolisifia tangu asubuhi. Nikapima, nikachora, nikakata kwa madaha. Kumbe mikono yote miwili niliikata nikiwa nimelaza karatasi ya mchoro upande uleule, bila kuigeuza. Mwalimu akaviinua vile vipande, akavitazama weee.

"Mwanangu, hii yote ni ya kushoto. Wa kulia umeuacha wapi?"

"Kwenye kitabu ulikuwepo, Mwalimu."

"Basi nitavaa kitabu."

Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Tukafumua mfuko na mkanda nilivyokuwa nimeshavishona, nikaunga vipande vitatu, mkono wa kulia ukapatikana, ingawa kuna ua lenye shina la ua jingine. Nilidhani gauni litaishia kabatini. Akasema, "Nitalivaa siku ya kuagwa." Sasa mnajua kwa nini amebana mkoba kwapani upande wa kulia tangu asubuhi. Ananisitiri.

Mgeni rasmi, ukiona ni heri kunifuta kwenye orodha, nitaelewa. Ukinipokea, nianzishe kwenye kufumua; hapo nina uzoefu wa kutosha. Siku utakayonipa kitambaa kipya, tafadhali simama karibu.

Mwalimu, asante kwa kuniacha nikosee kwenye gauni lako kabla sijakosea kwenye la mteja. Nimeshasema yote. Weka mkoba chini, utupungie.

Polepole, Mwalimu.

Juu kidogo.

Mgeni rasmi, umeona? Mshono haujaachia.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na subira yenu. Naomba nikakae.