Yoakimu Hakunyimwa Maziwa

Baba Padri, Tumsifu Yesu Kristo, wazee wetu shikamooni, waombolezaji wote poleni. Mimi ni Mectilda kutoka Gehandu, dada yake Evaline, mama wa marehemu, ambaye hamumwoni hapa kwa sababu wakwe zake wamemkalisha jikoni amenye viazi, na wamemkataza kufika kaburini, wakisema maziwa yake ndiyo yaliyoua. Asubuhi nimeambiwa pia kwamba mtoto wa miezi mitano hana historia. Anayo, na mtaisikia yote.

Marehemu Yoakimu Baltazar alizaliwa tarehe 9 Februari 2025, hapa Dirma, mtoto wa kwanza wa Baltazar na Evaline, waliofunga ndoa kanisani mwaka 2023, na tangu siku ya kwanza alinyonya kwa shida, akichoka, akipaliwa, maziwa yakimtokea puani, ndipo bibi yake, Mama Agatha, akatangaza kwa majirani kwamba mkwe wake ana maziwa mabaya.

Kuhusu elimu, shule hakuiona, ila nesi Verediana wa kliniki alimmulika mdomoni akaona kaakaa limepasuka kwa nyuma, akamfundisha mama kukamua maziwa, kumkalisha mtoto wima na kumnywesha kwa kikombe, taratibu, na Yoakimu naye akajifunza, akaongezeka uzito, akapangiwa kwenda kwa madaktari wa upasuaji.

Kazi yake ilikuwa kumeza. Nasema kazi kwa sababu aliifanya mpaka jasho likamtoka, na humu wamo wanaume wazima ambao hawajatoka jasho la namna ile tangu mwaka uanze.

Tarehe 2 Julai, Evaline akiwa shambani anavuna mahindi, Mama Agatha alimbeba mtoto akampeleka kwa mkata vimeo, eti kimeo kirefu, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ndicho kinachomzuia kumeza, na Baltazar, mwalimu anayewafundisha sayansi watoto wa wenzake, alijua, akanyamaza. Mtoto alirudi anatoka damu, hakumeza tena, homa ikapanda, na daktari aliyempokea hospitalini alituambia kwamba kimeo chake hakikuwa kirefu hata kidogo, kilikuwa kimegawanyika tangu tumboni, kwa hiyo kisu kilipita mahali palipokuwa tayari pamepasuka. Alifariki tarehe 6 Julai 2025.

Tunawashukuru daktari huyo, nesi Verediana, majirani waliochimba kaburi, na walimu waliokuja kumpa pole mwenzao. Mama Agatha simshukuru. Nimemwamkia kwa sababu ni mkubwa, na hiyo inamtosha.

Sasa mmesikia, hakuna maziwa yaliyoua mtu hapa. Jeneza limebebwa na kaka zetu wa Gehandu, nao wameliweka chini, na hawalinyanyui mpaka Evaline atoke jikoni aje kumwaga udongo wa kwanza.

Pumzika salama, Yoakimu. Hushushwi bado, mama yako anakuja.