Kadi ya Bluu Aliyoijaza Sista Cresensia

Tarehe 30 Juni mwaka huu muuguzi wetu, Sista Cresensia Komba, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minane katika kituo chetu cha afya. Nimeelekezwa niandike wasifu mchangamfu. Nitajaribu, ila nina hasira, na yeye mwenyewe amesema nisiifiche.

Alitoka Songea mwaka 1991, akafika hapa kisiwani, Kilindoni, akiwa ametapika njia nzima, akaapa kwamba atapanda boti mara moja tu tena, ya kurudi kwao. Hakuipanda. Amewazalisha baadhi yenu mnaosoma haya, pweza hajamwonja hadi leo, na kalamu ya mezani kwake ameifunga kwa bandeji baada ya sisi kumwibia nyingine zote.

Miaka yote hiyo, wanawake waliokuja wamejikunja kwa maumivu ya hedhi waliambiwa ni kawaida, waolewe, wazae, yatakwisha. Sista naye aliambiwa hivyo usichanani. Amezaa watatu na maumivu yakabaki palepale. Kwa hiyo alipokuja Mize, mkulima wa mwani kutoka kisiwa jirani cha Juani, ana miaka miwili ya ndoa bila mtoto na maumivu yanayomlaza siku nne kila mwezi, Sista hakumpa panadoli na pole. Alimpigania rufaa mpaka Dar es Salaam. Jibu likarudi kuwa ni endometriosisi, yaani utando unaofanana na ule wa ndani ya mfuko wa uzazi umeota nje yake.

Daktari alipanga naye: miezi sita ya vidonge vya homoni kutuliza maumivu, kisha aviache, wajaribu kupata mtoto. Mize alielezwa kwamba vidonge huzuia mimba kwa muda anaovimeza, na kwamba havitibu ugumba. Alikubali, kwani alitaka kwanza aweze kusimama. Mumewe, Hafidhi, alijua mkewe ana dawa ya maumivu, basi.

Hapo ndipo Sista alipokosea. Kwetu vidonge vya aina hiyo hutolewa kwa kadi moja tu, ya uzazi wa mpango, ile ya bluu ambayo kisiwa kizima kinaijua kwa rangi. Kwa mazoea akaijaza. Wifi yake Mize akaiona mkobani, na kabla ya magharibi ukoo mzima ulishaambiwa kwamba Mize anamlaghai mumewe. Hafidhi alikuja kituoni na kadi mkononi, akaamkia kwanza kama alivyolelewa, kisha akasema anataka uthibitisho tu, maana talaka ameshaiamua.

Sista angeweza kumsingizia mwanafunzi wa mazoezi. Kesho yake, kwa ridhaa ya Mize, alivuka kwenda Juani, nami nikiwa naye, akaketi mkekani mbele ya Hafidhi na mama mkwe.

"Aliyeandika kadi hii ni mimi," alisema. "Mkweo anaumwa na anatafuta mtoto. Iliyodanganya hapa ni karatasi yangu."

Mama mkwe akauliza kama na zile siku zake za kulala kitandani, enzi za ujana wake, zilikuwa na jina. Hafidhi aliichana kadi, na habari ya talaka ikaishia pale.

Sista aliporudi aliomba kwenye kikao cha watumishi kwamba wagonjwa hawa wawe na kadi yao. Mmoja wetu akauliza kama na maumivu ya kichwa nayo yatapewa kadi, tukacheka. Mimi pia nilicheka. Naandika hili ili tuone haya. Tangu siku ile amewaandikia wanawake kumi na mmoja kwenye daftari la kawaida, naye humuuliza kila mmoja kwanza ni nani nyumbani angependa aelezwe.

Mize ameacha vidonge tangu Februari. Ameniruhusu kusimulia haya kwa sharti moja: mtu asimuulize kama amepata au hajapata.

Sista, asante kwa kutuzalisha, kutukaripia na kukiri kosa lako mbele za watu. Tunakuombea mapumziko matamu Songea na siku zisizo na maumivu. Ulipoulizwa zawadi ya kuagwa ulikataa kitenge, ukaomba kadi ile uliyowaombea wagonjwa kikaoni. Leo tunakupa kitenge.

Safia Mfaume, chumba cha dawa