Sabuni na Majina

Mshonaji alifumba macho kwenye kiti cha treni. Masikio hakuyaziba, hayo hayakuwahi kuchoka.

"Bunduki ya marehemu baba nimeirudisha polisi mwezi uliopita," mzee wa mbele yake alimwambia fundi kufuli aliyekaa naye. "Nikapewa risiti. Sasa nalala usingizi mnono."

"Usingizi gani, mzee wangu? Jana duka la stesheni wamenifungia sabuni kwa hii." Fundi alikunjua karatasi. "Jina, nyumba, silaha, tarehe ya kurudisha."

Mzee alivaa miwani. Kwenye mstari wa nne akakuta jina lake. "Lakini... hii si siri ya serikali?"

"Ilikuwa. Sasa wezi wanajua kwako hakuna silaha."

"Usinitie presha! Ni karatasi moja tu imeponyoka."

"Moja?"

Treni ikasimama, nao wakateremka wakibishana.

Mshonaji akafumbua macho. Sabuni aliyonunua asubuhi, duka lilelile, ilikuwa mapajani. Akakunjua karatasi iliyofungiwa: orodha kama ile. Jina la tatu lilikuwa la mumewe: bastola moja, na penye tarehe ya kurudisha hapakuandikwa kitu.

Miaka kumi na tisa ya ndoa, kabati la nguo analipanga yeye, na bastola hajawahi kuiona.